Programu za Kuhifadhi Picha za Hati za Usafirishaji na Forodha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mawakala wa forodha, waagizaji, wauzaji wa nje na makarani wa nyaraka ambao kila siku hushika ankara, hati za shehena (zile ambazo msafirishaji hutoa anapopokea mzigo) na matamko ya forodha, na ambao wanafikiria kuzihamishia karatasi hizo kwenye kompyuta au tayari wameanza kufanya hivyo. Maswali ambayo jibu lake likikosewa huleta hasara ya fedha au mzigo kukwama bandarini yamepewa nafasi kubwa kuliko mengine.

Programu ya aina hii hufanya kazi gani hasa?

Huchukua picha ya karatasi kupitia skana, au hupokea faili lililotumwa kwa barua pepe, kisha hulitambua ni hati ya aina gani, husoma maandishi yaliyomo, huiunganisha na shehena inayohusika na kuihifadhi mahali ambapo itapatikana kwa sekunde chache mtu anapoihitaji. Wengi wanaponunua huangalia hatua ya kwanza na ya mwisho pekee, yaani kuskani na kuhifadhi. Kwa maoni yetu thamani yake iko katikati: katika kuunganisha hati zote za shehena moja na kukagua kama zinakubaliana. Ofisi inayoskani bila kuunganisha huhamisha tu rundo la karatasi kutoka kabatini hadi kwenye diski, na kulitafuta rundo lililo kwenye diski hakuna wepesi wowote ikiwa kila faili limepewa jina la tarehe na saa iliyoskaniwa.

Je, ni sawa na mfumo wa forodha wa kielektroniki?

Hapana. Mfumo wa forodha ni wa serikali na hupokea tamko lenyewe, hukokotoa ushuru na kutoa idhini ya kuondoa mzigo. Mfano unaojulikana sana ni ASYCUDA, mfumo uliotengenezwa na UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, kuanzia mwaka 1981, ambao umetumiwa na nchi na maeneo zaidi ya 100. Nchi nyingi pia zina dirisha moja la kielektroniki, ambapo mfanyabiashara huwasilisha taarifa mara moja na taasisi zote zinazohusika huzichukua hapo. Programu ya picha za hati ni yako mwenyewe. Inatunza ushahidi ulio nyuma ya kila tarakimu uliyoandika katika tamko, na mara nyingi ndiyo inayotoa viambatisho vinavyopakiwa kwenye mfumo wa serikali. Mifumo hii miwili inaweza kuunganishwa, lakini hakuna unaochukua nafasi ya mwingine.

Ni hati zipi zinazopaswa kuingizwa?

Kila hati iliyotumika kufikia uamuzi kuhusu shehena: ankara ya biashara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena ya baharini au ya anga, cheti cha uasili wa bidhaa, vibali vya afya ya mimea na wanyama pale vinapohitajika, cheti cha bima, tamko la forodha, risiti za ushuru, hati ya kuachilia mzigo na karatasi ya kupokelea mzigo yenye sahihi ya mpokeaji. Tungependa kusisitiza zile zinazosahauliwa, yaani mawasiliano yaliyobadilisha jambo. Barua pepe ambayo muuzaji alikiri kwamba uzito ulioandikwa mwanzo haukuwa sahihi ina uzito sawa na ankara siku ambayo mkaguzi anauliza kwa nini takwimu mbili hazifanani.

Jalada lipangwe kwa namba gani: ya hati ya shehena, ya kontena, au ya tamko?

Hili ndilo swali ambalo ofisi nyingi hulijibu kwa haraka na kulijutia baadaye. Namba ya hati ya shehena inaonekana kuwa chaguo la kawaida, lakini hati moja ya shehena inaweza kuwa na makontena mengi, na kontena moja lililobeba mizigo ya wateja kadhaa linaweza kuwa na hati nyingi za shehena. Zaidi ya hapo, wakala wa kukusanya mizigo hutoa hati yake kwa mteja huku mwenye meli akitoa hati nyingine kwa wakala huyo, hivyo mzigo uleule una namba mbili tofauti. Shehena moja inaweza pia kutolewa kwa awamu, kila awamu na tamko lake. Na kuna siku au wiki nzima mwanzoni ambapo ankara ya awali imekwisha kufika ilhali meli haijapangwa na hakuna namba yoyote kati ya hizo.

Ushauri wetu ni kwamba ofisi itoe namba yake yenyewe ya kazi siku ambayo agizo linapokelewa, na namba hiyo iwe ndiyo jalada. Namba za hati za shehena, makontena, matamko, ankara na oda za ununuzi zote ziingizwe kama fahirisi, kila moja katika sehemu yake, na programu iruhusu thamani zaidi ya moja katika sehemu hiyo. Mteja akipiga simu na namba ya kontena, karani ataliona jalada. Mkaguzi akija na namba ya tamko, ataliona jalada lilelile. Programu inayoruhusu namba moja tu ya kontena kwa kila jalada haifai kwa kazi hii, hata kama ni nzuri kwa kazi nyingine za ofisi.

Hati iskaniwe wakati gani?

Inapoingia mlangoni, kabla mtu yeyote hajaifanyia kazi. Ofisi zinazoskani baada ya mzigo kutoka hupata kumbukumbu, lakini hazipati msaada wowote wakati wa kazi yenyewe, kwa kuwa makosa hugunduliwa tamko likiwa limekwisha kuwasilishwa. Hati ikiwa kwenye mfumo tangu mwanzo, anayeandaa tamko, anayelipa na anayefuatilia bandarini wote huangalia picha moja kwa wakati mmoja, na hakuna anayesubiri mwenzake amalize na karatasi. Muda huo una bei, kwa sababu siku za bure za hifadhi bandarini huhesabika na baada yake tozo za ucheleweshaji wa kontena huanza kukusanyika.

Picha iwe na ubora kiasi gani, na ni lazima iwe ya rangi?

Nukta 300 kwa inchi ni kiwango kinachofaa kwa hati nyingi, kwa sababu programu za kutambua maandishi hufanya kazi vizuri katika kiwango hicho. Nukta 200 husomeka kwa macho ya binadamu, lakini maandishi madogo ya hati za shehena huanza kuungana, na tarakimu ndogo hupotea kwanza. Hati zenye herufi ndogo sana zinaweza kuhitaji nukta 400.

Kuhusu rangi, fikiria ukubwa. Karatasi ya A4 iliyoskaniwa kwa nukta 300 ina nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, yaani takriban milioni 8.7. Kwa nyeusi na nyeupe tupu, kila nukta huchukua biti moja, na ukurasa mzima huwa karibu megabaiti 1.1 kabla ya kubanwa. Kwa rangi kamili ukurasa huohuo ni megabaiti 26. Zamani tofauti hiyo ilitosha kumaliza mjadala. Leo nafasi ya kuhifadhi si ghali kama ilivyokuwa, na sisi tunapendekeza rangi kwa hati yoyote yenye muhuri au sahihi. Muhuri mwekundu uliogongwa juu ya maandishi meusi ukiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe huwa doa moja lisilosomeka, lakini kwenye picha ya rangi programu inaweza kuuondoa muhuri na kuyasoma maandishi yaliyo chini yake. Rangi pia huonyesha kama sahihi iliwekwa kwa wino au ni nakala ya nakala.

Skani pande zote mbili. Hati ya shehena huhamishwa kwa sahihi inayowekwa nyuma, na picha ya upande wa mbele pekee haionyeshi mzigo ni wa nani kwa wakati huo.

Faili lihifadhiwe katika muundo upi?

Kwa kumbukumbu ya kudumu tumia PDF/A, ambayo ni kiwango cha kimataifa cha ISO 19005 kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2005 kwa ajili ya hati zitakazofunguliwa miaka mingi baadaye. Faili la aina hii hubeba ndani yake fonti na kila kitu kinachohitajika kulionyesha, na linaweza kuwa na picha ya ukurasa pamoja na maandishi yaliyosomwa yakiwa yamewekwa chini ya picha, hivyo hutafutika kwa maneno. TIFF, ambayo ilianzishwa mwaka 1986, bado inatumika sana kwenye mifumo ya zamani na haina tatizo. JPEG inafaa kwa picha za mzigo ulioharibika, lakini kwa maandishi huweka ukungu kuzunguka herufi kila inapobanwa kupita kiasi.

Kuna hatari moja ambayo kila mnunuzi anapaswa kuijua. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha hadharani kwamba baadhi ya mashine za kuskani zilizokuwa zikitumiwa maofisini zilibadilisha tarakimu katika nakala, kwa mfano 6 ikawa 8, bila alama yoyote ya ukungu au kasoro. Chanzo kilikuwa namna ya kubana faili inayoitwa JBIG2: ili kupunguza ukubwa, mashine ilitafuta maumbo yanayofanana ukurasani na kutumia umbo moja kwa yote, na ikayachukulia maumbo ya tarakimu tofauti kuwa ni kitu kimoja. Kosa la kawaida la skana huonekana kwa sababu ukurasa huchafuka, lakini kosa hili hutoa ukurasa safi wenye kiasi kisicho sahihi. Kwa hati ambazo ushuru hutozwa kwa tarakimu zake, jambo hili halivumiliki. Muulize muuzaji kama programu yake inatumia ubanaji wa aina hiyo unaopoteza taarifa, na kama inatumia, uzimwe.

Utambuzi wa maandishi unaaminika kiasi gani?

Ankara iliyochapwa vizuri na kutumwa kama PDF husomwa karibu bila kosa. Nakala ya tatu ya fomu iliyochapwa kwa karatasi za kaboni, ikakunjwa, ikagongwa muhuri na kuandikwa pembeni kwa kalamu, ni jambo jingine kabisa. Makosa yanayojirudia yanafahamika: sifuri na herufi O, moja na herufi I, tano na S, nane na B. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni programu hufanya nini inapokuwa na shaka. Inapaswa kumwonyesha karani kipande kile cha picha na kumtaka athibitishe, badala ya kubahatisha na kuendelea kimyakimya.

Habari njema ni kwamba baadhi ya namba za kazi hii zina kinga ndani yake. Namba ya kontena hufuata kiwango cha ISO 6346: herufi tatu za mmiliki, herufi moja ya aina ya kifaa ambayo kwa makontena ya mizigo ni U, tarakimu sita za mfululizo, na mwisho tarakimu moja ya ukaguzi. Kila herufi ina thamani yake, kuanzia A ambayo ni 10 na kuendelea huku zikirukwa 11, 22 na 33. Kila thamani huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hivyo hadi 512, majumlisho hugawanywa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya ukaguzi. Chukua namba CSQU3054383, ambayo hutumika mara nyingi kama mfano. Majumlisho yake ni 6,185, ukigawanya kwa 11 inabaki 3, na 3 ndiyo tarakimu ya mwisho. Sasa tuseme skana imeisoma ile 8 kuwa 3. Majumlisho yanashuka hadi 3,625, baki inakuwa 6, na programu inajua papo hapo kwamba kuna kosa kabla hata macho ya mtu hayajaliona. Udhaifu wake upo pale baki inapokuwa 10, kwa kuwa huandikwa 0 na hivyo kuchanganyika na ile ya 0 halisi, lakini hata hivyo ukaguzi huu hukamata makosa mengi sana.

Programu yoyote inayojiita ya usafirishaji bila kuwa na ukaguzi huu haijatengenezwa na mtu anayeifahamu kazi.

Je, programu inaweza kusoma msimbo wa HS na kuamua bidhaa iko kwenye kundi gani?

Kuusoma msimbo ulioandikwa, ndiyo. Kuamua, hapana; au tuseme inaweza kupendekeza, lakini uamuzi ubaki kwa mtu. Mfumo huu wa kuainisha bidhaa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na tarakimu zake sita za kwanza ni zilezile katika nchi zote zinazoufuata, ilhali tarakimu zinazoongezwa baada ya hapo ni za kila nchi au jumuiya ya forodha. Msimbo ambao muuzaji ameuweka kwenye ankara unaweza kuwa sahihi kwa nchi yake na usiwe sahihi kwa nchi ya mpokeaji. Aidha, mfumo hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka kadhaa, toleo la 2022 likiwa mojawapo, hivyo msimbo uliokaririwa kutoka jalada la zamani unaweza kuwa umekwisha kubadilishwa. Mbele ya forodha, aliyewasilisha tamko ndiye anayewajibika, si programu yake.

Inaweza kulinganisha hati na hati?

Inaweza, na hapa ndipo inaporudisha gharama yake. Jumla ya vifurushi kwenye orodha ya vifurushi ilingane na hati ya shehena. Jumla ya ankara ilingane na thamani iliyotamkwa baada ya kuongeza usafiri na bima pale masharti ya mauzo yanapotaka hivyo. Jina la mpokeaji liandikwe namna moja kila mahali. Kwa uzito uwe mwangalifu. Uzito jumla ulio kwenye hati ya shehena kwa kawaida ni wa mzigo na vifungashio vyake, lakini uzito uliothibitishwa ambao SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unautaka tangu tarehe 1 Julai 2016 kabla kontena halijapakiwa melini unajumuisha pia uzito wa kontena lenyewe. Programu inayolinganisha takwimu hizo mbili moja kwa moja itatoa onyo la uongo kwa kila shehena, na baada ya muda mfupi makarani wataacha kusoma maonyo yote, likiwemo lile la kweli.

Malipo yanapopitia benki kwa LC, yaani ahadi ya benki ya kumlipa muuzaji akileta hati zinazotakiwa, ulinganisho huu ni wa lazima zaidi. Kanuni za UCP 600 za Chama cha Biashara cha Kimataifa, zinazotumika tangu mwaka 2007, huipa benki siku zisizozidi tano za kazi kuzikagua hati, na benki hukagua hati zenyewe, haikagui mzigo. Tofauti ndogo kati ya hati moja na nyingine inaweza kusimamisha malipo ingawa mzigo uko salama.

Picha ya hati ya shehena inatosha kuchukua mzigo?

Hapana, pale hati hiyo inapokuwa ya kuhamishika. Hati ya shehena ina kazi tatu: ni risiti ya mzigo uliopokelewa melini, ni ushahidi wa mkataba wa usafirishaji, na ni hati ya umiliki. Picha inatosheleza mbili za kwanza kwa kiasi kikubwa, lakini haiwezi kutosheleza ya tatu, kwa kuwa umiliki huhama pamoja na karatasi halisi yenyewe. Kwa desturi nakala halisi huwa tatu, idadi yake huandikwa kwenye hati, na mojawapo ikisharudishwa kwa mwenye meli zinazobaki hupoteza nguvu. Kama picha ingetosha, watu kumi wangeweza kuudai mzigo mmoja.

Hati ya shehena ya kielektroniki ni kitu kingine kabisa, na tunaomba wasomaji wasivichanganye. Hiyo huzaliwa ndani ya mfumo unaohakikisha kwamba kwa wakati wowote kuna mtu mmoja tu anayeidhibiti. Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa ilitoa sheria ya mfano kuhusu hati za aina hiyo mwaka 2017. Bahrain iliipokea mwaka 2018 na Singapore mwaka 2021, na Uingereza ikatunga sheria yake iliyoanza kutumika tarehe 20 Septemba 2023. Pale ambapo sheria ya nchi haijaitambua, karatasi halisi itunzwe kwenye kasha lililofungwa hata baada ya kuskaniwa, na programu ionyeshe wazi karatasi hiyo iko wapi, nani aliitoa na lini.

Forodha hukubali nakala zilizoskaniwa?

Mara nyingi hukubali, ila masharti hutofautiana. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, unazitaka nchi wanachama zijitahidi, pale inapofaa, kupokea nakala za karatasi au za kielektroniki za hati za kuunga mkono tamko. Unakwenda mbali zaidi kwa kusema kwamba ikiwa taasisi moja ya serikali tayari ina hati halisi, taasisi nyingine ya serikali hiyohiyo ikubali nakala kutoka kwake. Hata hivyo, neno «kujitahidi» linaiachia kila nchi nafasi, na vyeti vya uasili pamoja na vibali fulani bado huweza kudaiwa katika hali yake halisi. Fuata maelekezo ya forodha ya nchi ambako mzigo unaingia.

Hati zitunzwe kwa muda gani?

Kwa muda unaotajwa na sheria ya nchi husika, na muda huo haufanani. Marekani, kwa kumbukumbu nyingi za uingizaji, ni miaka 5. Umoja wa Ulaya unataka angalau miaka 3. Kanada ni miaka 6. Programu iweze kuweka tarehe ya mwisho kwa kila jalada na pia kulizuia lisifutwe ikiwa kuna ukaguzi, rufaa au kesi inayoendelea. Kufuta kuwe ni tendo la mtu mwenye mamlaka, linaloacha kumbukumbu.

Tutathibitishaje kwamba picha haijachezewa?

Kwa mambo mawili. La kwanza ni alama ya kihesabu ambayo programu huikokotoa kutokana na faili zima wakati linapoingia, kwa kanuni kama SHA-256. Nukta moja ikibadilika, alama hubadilika, na ulinganisho wake hufichua jambo hilo. La pili ni kumbukumbu ya matumizi isiyofutika, inayoonyesha nani aliingiza hati, nani aliifungua, nani aliibadilishia jalada. Marekebisho yasifute toleo la awali. Ankara iliyorekebishwa iingie kama toleo la pili, na la kwanza lionekane, kwa sababu swali la mkaguzi mara nyingi huwa ni nini kilijulikana siku ile tamko lilipowasilishwa.

Nani aruhusiwe kuona nini?

Dereva anahitaji hati ya kuachilia mzigo na hahitaji ankara. Mteja mmoja asione kabisa jalada la mwingine. Bei ambayo mfanyabiashara ananunulia bidhaa zake ni siri anayomkabidhi wakala, na kuivujisha kwa mshindani ni kumvunjia mteja amana. Ruhusa zitolewe kwa kazi na kwa aina ya hati, na nenosiri la pamoja kwa ofisi nzima lisitumike hata siku moja.

Tuhifadhi kwenye seva yetu au kwa mtoa huduma wa mtandaoni?

Vyote vinawezekana. Seva ya ofisini hufanya kazi hata intaneti ikikatika, lakini inahitaji mtu wa kuitunza. Huduma ya mtandaoni humfikia mfanyakazi aliyeko bandarini, lakini uliza data itakaa nchi gani na utaipataje mkataba ukiisha.

Jambo lisilo na mjadala ni nakala za akiba. Mwezi Juni 2017 kirusi kilichoitwa NotPetya kiliiangusha mifumo ya kampuni ya meli ya Maersk duniani kote, na mwenyekiti wake alieleza baadaye kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Nakala moja muhimu ya taarifa za kuendesha mtandao wao ilipatikana ofisi ya Ghana, iliyosalimika kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na mashine haikuwa mtandaoni kirusi kilipopita. Ofisi ndogo isitegemee bahati ya namna hiyo. Weka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na ofisi, na angalau moja isiyounganishwa na mtandao muda wote. Kisha jaribu kuirejesha, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama ni nzima.

Picha za simu zinakubalika?

Kwa karatasi ya kupokelea mzigo na kwa picha za mzigo ulioharibika, ndiyo, ikiwa zimepigwa kupitia programu yenyewe inayonyoosha ukurasa na kuweka tarehe. Kwa hati za kuandaa tamko, tumia skana.

Na hati zenye lugha nyingine?

Hakikisha utambuzi wa maandishi unaziweza lugha unazopokea, hasa Kichina na Kiarabu. Tarakimu za Kiarabu cha Mashariki (١, ٢, ٣ na kuendelea) zijaribiwe peke yake.

Tukitaka kununua, tujaribu nini?

Usikubali onyesho la muuzaji peke yake, maana huja na karatasi safi. Chagua majalada yenu magumu: lenye hati ya shehena iliyorekebishwa mara mbili, lenye kontena la wateja wengi, lenye ankara iliyofifia na mihuri mitatu. Yapitishwe mwanzo hadi mwisho, na makarani watakaoitumia ndio wakae mbele ya kompyuta. Kisha mtake muuzaji atoe majalada yote nje ya programu pamoja na fahirisi zake, katika miundo inayofunguliwa na programu nyingine. Akishindwa kufanya hivyo leo, siku mtakayotaka kuhama hataweza pia.

Tufanye nini na karatasi za miaka iliyopita?

Anzeni na shehena mpya, na chagueni tarehe ambayo kuanzia hapo kila kitu kitaingia kwenye mfumo. Majalada ya zamani yaskaniwe yanapoombwa, isipokuwa yale yaliyo ndani ya muda wa sheria na yenye mgogoro, ambayo yapewe kipaumbele, na yale yaliyochapwa kwenye karatasi za joto kama risiti nyingi za mizani, ambazo maandishi yake hufifia hata zikiwa zimefungiwa kabatini. Hizo ziskaniwe wiki ya kwanza.